Sura ya Sita: Amana Iliyomo Damuni

Nchi inyanyukayo kutoka ufuko wa Ziwa Viktoria, ikapita magenge ya Bukoba na uwanda wa Kamachumu hata kufikia vilima vya Ihangiro, ambavyo leo ni sehemu ya wilaya ya Muleba, ni nchi ambayo mgomba na mbuni hukaa pamoja katika kibanja kimoja, mvua huja mara mbili kwa mwaka, na wenyeji wake wamesifika tangu zamani kwa kupenda elimu. Sifa hizo zimeandikwa mara nyingi, wala hapana haja ya kuzikariri. Iko nyingine isiyotajwa sana, nayo ni kwamba watu wa mkoa huu wa Kagera wamechunguzwa na wanasayansi kwa kadiri ambayo mikoa mingi ya Afrika Mashariki haikupata kuijua. Mwaka 1898 tabibu Mjerumani Robert Koch alithibitisha kwamba maradhi yaliyokuwa yakifisha watu wa Kiziba, kaskazini ya Bukoba, yalikuwa tauni. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa katika mkoa huu, na miaka minne baadaye wachunguzi waliopima damu za watu wazima wa mji wa Bukoba walikuta kwamba takriban mmoja katika kila wanne alikuwa na virusi vyake. Kati ya mwaka 1991 na 1994 kaya zaidi ya mia tisa za mkoa ziliulizwa habari za mali, maradhi, vifo na masomo ya watoto wao, na walioulizwa wakatafutwa tena miaka mingi baadaye. Na katika karne hii Muleba imekuwa uwanja wa kujaribia vyandarua na dawa za kuua mbu, hata matokeo yake yakasomwa na wakuu wa afya wa dunia nzima.

Juu ya uchunguzi wote huo, maradhi yaliyo ya kale kuliko hayo katika damu za watu wa kanda ya ziwa ndiyo yaliyochelewa kuhesabiwa. Haya ni maradhi ya selimundu, yaitwayo na watu wengi sikoseli, ambayo mtoto hayaambukizwi na mtu wala mdudu bali huyarithi kwa baba na mama kwa pamoja. Hoja ya sura hii ni kwamba mtu atoapo damu yake ili wengine wapate maarifa, maarifa yale ni amana, na amana sharti irejee kwa mwenyewe. Na kwa habari ya sikoseli marejeo yake yaweza kutajwa kwa maneno machache, yaani mtoto ajulikane hali yake kabla hajaugua, ili aishi, na akiisha kuishi apate kusoma.

Yafaa kwanza kueleza maradhi yenyewe. Chembe nyekundu ya damu iliyo nzima ni ya mviringo, laini, yenye kupinda na kupenya katika mishipa iliyo myembamba kuliko unywele, na umri wake ni siku zipatazo 120. Ndani yake imo himoglobini, ambayo kazi yake ni kuchukua hewa safi kutoka mapafuni na kuifikisha mwilini mote. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walidhihirisha kwamba himoglobini ya mgonjwa wa sikoseli ni tofauti na ya mtu mwenye afya, na baada ya miaka michache Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge, akaonyesha kwamba tofauti yote imetokana na badiliko la kiungo kimoja tu katika mnyororo mrefu wa protini, mahali pa sita, ambapo valini imekaa badala ya asidi ya glutamiki. Badiliko dogo namna hiyo latosha kuifanya himoglobini igandamane inapopungukiwa na hewa, chembe ikakakamaa na kujikunja mfano wa mundu, ikaziba njia ya damu na kuleta maumivu makali ya mifupa na viungo, kisha ikafa katika muda wa siku kumi hadi ishirini, mwili usiweze kuziba pengo. Mtoto huzaliwa akiwa salama, kwa kuwa himoglobini aliyokuja nayo kutoka tumboni humkinga kwa miezi ya mwanzo. Nayo ikiisha kupungua, aghalabu kabla hajatimiza mwaka, mikono na miguu huvimba, macho huwa manjano, wengu hufura au hupoteza nguvu zake, na homa ambayo mtoto mwingine angeishinda kwa siku tatu yaweza kumwondoa huyu kwa usiku mmoja.

Kwa nini basi maradhi yenye kuua watoto hayakujifuta yenyewe duniani, ilhali wenye kuyaugua hufa kabla ya kuzaa? Swali hilo lilijibiwa katika Afrika Mashariki, na ziwa letu lina sehemu yake katika jawabu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kusoma Oxford, alikwenda Kenya mwaka 1949 akapima damu za makabila mbalimbali, akaona kwamba wabebaji, yaani waliorithi sikoseli kwa mzazi mmoja tu na ambao kwa kawaida hawaugui, walikuwa wengi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, hata kuzidi watu 20 katika kila 100, lakini katika nyanda za juu walikuwa karibu hawapo. Mahali palipokuwa na mbu wa malaria ndipo palipokuwa na wabebaji. Mwaka 1953 akarudi, akapima watoto 290 wa Kiganda karibu na Kampala: katika wabebaji 43, waliokutwa na vijidudu vya malaria walikuwa 12, na katika watoto 247 wasio wabebaji walikuwa 113. Akawachukua pia wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea, nusu yao wabebaji na nusu siyo, wakatiwa malaria kwa makusudi. Vijidudu vikastawi katika wabebaji 2 na katika wasio wabebaji 14. Jaribio la namna hiyo lisingepita leo bila ya maswali mazito, lakini ithibati yake, iliyochapishwa mwaka 1954, haijatanguka: urathi ule ule unaomfisha aliyeupata kwa wazazi wawili humkinga na malaria kali yule aliyeupata kwa mmoja. Kwa hiyo wazee wetu hawakulaaniwa, wala hawakukosa. Waliishi pamoja na mbu kwa maelfu ya miaka, na damu ikafanya hesabu yake.

Hesabu hiyo yafaa kila nyumba ya Kagera iijue, maana kutoijua kumezua lawama nyingi zisizo na msingi. Ndoa za Wahaya, wenyeji wa nchi hii, zimekuwa zikitangulizwa na upelelezi wa ukoo, kwa kuwa watu wa ukoo mmoja wenye mwiko mmoja hawaoani. Na ukoo hufuata baba. Lakini sikoseli haifuati baba wala haifuati mama, na mtu aweza kuoa mbali kabisa na ukoo wake akakutana na mbebaji mwenzake. Tuseme katika watu watano mmoja ni mbebaji. Basi katika ndoa 25, moja itawakutanisha wabebaji wawili. Na kila mimba ya ndoa hiyo ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa, nafasi mbili za kuleta mbebaji mwenye afya, na nafasi moja ya kuleta mtoto asiyerithi kitu. Zidisha hayo yote, utapata mtoto mmoja mgonjwa katika kila mia wanaozaliwa. Mume amfukuzaye mkewe kwa kuzaa watoto wasiodumu, na mama mkwe amshtakiye jirani kwa uchawi, wote wawili wameacha mizani hii wakashika nyingine isiyopima haki, kwani hapana mtoto wa sikoseli ambaye baba yake hakuchangia nusu.

Hesabu hiyo ya kalamu ilipata shahidi kutoka maabara. Ukimwi ulipoenea, serikali iliweka utaratibu wa kupima watoto wachanga waliozaliwa na mama wenye virusi, kwa kutoboa kisigino na kukausha matone ya damu juu ya karatasi maalumu ambayo yaweza kusafirishwa kutoka zahanati ya mbali bila ya barafu. Nchini Uganda, ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, wachunguzi walitambua kwamba karatasi hizo zaweza kuulizwa swali la pili, wakapima zaidi ya sampuli 97,000, na mwaka 2016 wakatangaza kwamba wabebaji wa sikoseli walikuwa 13.3 kwa mia na wagonjwa 0.7 kwa mia. Matabibu wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, pamoja na wenzao kutoka Cincinnati, Marekani, walifanya kazi kama hiyo kwa mikoa tisa ya kaskazini-magharibi ya Tanzania, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020, kwa sampuli 17,200, yakaonyesha wabebaji 20.3 kwa mia na wagonjwa 1.2 kwa mia. Mmoja katika watano. Mmoja katika mia, na ziada kidogo. Msiba ulioingia nchini kwa mlango wa Kagera uliacha nyuma yake chombo cha kufichulia msiba mwingine uliokuwa umelala nyumbani tangu kale, na damu iliyotolewa kwa hofu ya virusi ikasema habari ambayo haikuulizwa.

Sasa chukua shule ya msingi ya wanafunzi 500 katika kata yoyote ya Muleba. Kama kila mtoto azaliwaye angefika shuleni, wenye sikoseli wangekuwa watano au sita. Mwalimu mkuu akiulizwa, pengine atamtaja mmoja, au hatamtaja hata huyo. Hao wengine hawakupona. Wamo katika vifo vilivyoandikwa kuwa ni malaria, nimonia au upungufu wa damu, na vile ambavyo havikuandikwa popote, kwani inakisiwa kwamba barani Afrika zaidi ya nusu ya watoto wa sikoseli wasiotibiwa hufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Uchache wao si wa maumbile, ni wa mauti. Na jamii iliyo ndogo kwa sababu hiyo ina shida ambayo jamii nyingine ndogo hazina: haiwezi hata kujihesabu ili idai haki yake.

Kwa yule aliyefika darasani, maradhi yana njia mbili za kumnyang'anya elimu. Ya kwanza yaonekana. Maumivu humlaza kitandani siku kadhaa kila mara, baridi ya asubuhi za masika na kufanyishwa kazi juani humrudishia maumivu, na kutohudhuria kwake huandikwa katika daftari la mahudhurio kuwa ni utoro. Ya pili haionekani, nayo ni mbaya zaidi. Chembe zilizokakamaa huharibu mishipa ya ubongo, na tafiti za Marekani zilionyesha kwamba pasipo kinga kiasi cha watoto 11 katika 100 wenye aina kali ya sikoseli hupatwa na kiharusi kabla ya umri wa miaka ishirini. Fauka ya hao, picha za ubongo zimefichua wengine wengi, pengine mmoja katika watano au zaidi, ambao sehemu ndogo za ubongo wao zimekufa kwa kukosa damu bila ya mkono kulegea wala mdomo kupinda. Mtoto huyu hutembea, hucheza na hucheka. Lakini alipokuwa akishika hesabu kwa kusikia mara moja sasa husikia mara nne, husahau alichoagizwa, na hukawia kunakili ubaoni. Walipopimwa, watoto wa namna hii walionekana kubaki nyuma ya wenzao katika usikivu, kumbukumbu na alama za shuleni. Mwalimu asiyejua haya humwita mvivu, na mzazi humwongezea fimbo.

Matokeo ya kupungukiwa utotoni hayaishii utotoni, na kwa jambo hili Kagera yenyewe imetoa ushahidi ambao nchi nyingi hazina. Zile kaya zilizoulizwa mwaka 1991 zilitafutwa tena mwaka 2004 na mwaka 2010, watoto wa zamani wakafuatwa walikohamia, hata nje ya mkoa na nje ya nchi. Ndipo ilipoonekana kwamba mtoto aliyefiwa na mama kabla ya kutimiza miaka kumi na mitano alikua akiwa mfupi kwa takriban sentimita mbili, na mwenye upungufu wa karibu mwaka mmoja wa masomo, kuliko alivyotazamiwa kuwa. Na upungufu huo haukulipika baadaye. Uchunguzi huo ulihusu uyatima, haukuhusu sikoseli. Lakini mafunzo yake yanavuka mpaka: kilichopotea katika mwili na akili ya mtoto huandamana naye shambani, sokoni na katika ndoa. Ikiwa mwaka mmoja wa shule wastahiki kupimwa kwa yatima, basi miaka inayoibwa na maumivu na viharusi vya kimyakimya yastahiki kipimo kile kile, katika vijiji vile vile.

Tiba ipo, wala si ya kubahatisha. Mwaka 1986 ilithibitika Marekani kwamba penisilini ya kila siku hupunguza kwa zaidi ya asilimia 80 maambukizo mabaya ya damu kwa watoto hawa wachanga. Dawa ni ya zamani na bei yake ni ndogo. Mwaka 1998 ilithibitika kwamba mawimbi ya sauti yanayopima kasi ya damu kichwani huweza kumtambua mtoto aliye karibu na kiharusi, akakingwa kwa kuongezewa damu. Kisha ikaja haidroksiyurea, ambayo huuamsha mwili utengeneze tena ile himoglobini ya utotoni. Wengi walihofu kwamba haitafaa Afrika penye malaria. Lakini uchunguzi uliofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, kwa watoto 606, ulionyesha kwamba maumivu yalipungua kwa kiasi cha nusu, malaria ikapungua pia kwa kiasi cha nusu, na vifo vikashuka zaidi ya hapo. Bugando nayo imewapima vichwa watoto wapatao mia mbili, na wale waliokutwa na hatari ya kiharusi wakaanzishiwa dawa hiyo. Hospitali ya Muhimbili imewaandikisha na kuwafuata wagonjwa kwa maelfu tangu mwaka 2004, kwa uongozi wa Profesa Julie Makani, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma imekwisha kupandikiza uloto kwa watoto wa sikoseli. Kilichobaki ni umbali. Mama wa kisiwa cha Bumbire au Ikuza hupanda mtumbwi kwanza, kisha gari, kisha hulala melini usiku kucha kutoka Bukoba hadi Mwanza. Na dawa ya kumezwa kila siku, yenye kuhitaji damu ipimwe mara kwa mara, haiwezi kutegemea safari ya namna hiyo.

Muleba imekwisha kuionyesha dunia jinsi umbali unavyoshindwa. Baada ya mlipuko wa malaria wa mwaka 2006 nyumba zilianza kupuliziwa dawa ukoko. Mbu wakazoea dawa, vyandarua vya kawaida navyo vikapungua nguvu. Wachunguzi wa Kitanzania na wa Uingereza wakagawa vijiji katika makundi 48 na kujaribu chandarua kipya, ambacho dawa yake imechanganywa na piperonili butoksaidi, inayovunja ukaidi wa mbu. Baada ya miezi tisa, watoto wenye vijidudu vya malaria walikuwa 31 kwa mia penye chandarua kipya, na 55 kwa mia penye cha zamani, na shauri la dunia juu ya vyandarua likabadilika. Kila usiku ambao mbu amezuiwa, mtoto wa sikoseli ndiye anufaikaye zaidi ya wote. Kwani ukinga wa malaria uwaokoao wabebaji haumwokoi yeye, na homa moja yaweza kumaliza damu yake iliyo haba. Ikiwa chandarua kiliweza kufika kila kitongoji, kipimo cha tone moja la damu, ambacho siku hizi hutoa jibu katika dakika chache, hakina sababu ya kuishia mjini.

Lakini kipimo kisichoandamana na insafu chaweza kudhuru. Katika miaka ya 1970 huko Marekani, ambako sikoseli ni maradhi hasa ya Wamarekani weusi walio wachache mbele ya wenye mamlaka, majimbo kadhaa yalilazimisha vipimo kwa sheria zilizoandikwa kwa pupa. Wabebaji wenye afya wakachanganywa na wagonjwa, baadhi wakanyimwa kazi na bima, na chuo cha jeshi la anga hakikuacha kuwakataa hadi mwaka 1981. Bahrain ilichukua njia nyingine: iliwafundisha wanafunzi wa sekondari kwanza, ikawapima, na kwa sheria ya mwaka 2004 ikataka wachumba wapimwe na kushauriwa kabla ya ndoa, bila ya kuwakataza kuoana, na watoto wazaliwao na maradhi wakapungua sana. Kagera, ambayo posa zake zimekuwa zikitanguliwa na maulizo ya ukoo tangu enzi za wafalme, haitaona ugeni kuongeza ulizo moja. Sharti tu jibu lake liwe siri ya waliopimwa, wala lisiwe kisingizio cha kumrudisha binti kwao.

Wajibu basi wagawanyika hivi. Zahanati na hospitali, iwe Rubya, Ndolage, Kagondo au ya mkoa pale Bukoba, zimpime mtoto siku anapoletwa kwa chanjo zake za mwanzo, jibu liandikwe katika kadi yake ya kliniki, na penisilini, chandarua na haidroksiyurea vipatikane wilayani mwao. Muuguzi amweleze mama, na baba akiwapo, kwa lugha ya nyumbani na kwa heshima, kwamba mtoto hakurogwa wala hakuna wa kulaumiwa. Mwalimu aambiwe yupi kati ya wanafunzi wake ana sikoseli, amruhusu maji na mapumziko, na amwonapo akirudi nyuma ghafula katika masomo ampeleke kwa tabibu kabla ya kushika fimbo. Wachunguzi nao, warudipo tena na maswali yao, waje na majibu ya maswali ya zamani, wakayasome katika mikutano ya vijiji kabla ya kuyapeleka majaridani. Kwa zaidi ya miaka mia moja watu wa Kagera wametoa damu zao, habari za nyumba zao na majina ya wafu wao kila walipoombwa, na elimu iliyopatikana imewafaa watu wa mbali. Kumjua mtoto wao mmoja katika mia, mapema, akiwa bado mzima, ndiyo sehemu ya faida iliyobaki kuwa yao. Na haidaiwi kwa hisani, yadaiwa kwa haki.